Kitanda Alichokizeesha Maduhu

Zamani pale Tinde, karibu na njia panda, kulikuwa na banda la mabati lenye baiskeli zilizoning'inizwa kwa kamba kama nyama buchani. Banda hilo lilikuwa la Maduhu, fundi wa kupaka rangi. Miguu yangu mimi haikutulia tangu ujana, nimelala kwa watu wengi kuanzia Tinde hadi Segese na kuendelea, lakini nikipita Tinde nilikuwa nafikia kwake. Kwa hiyo haya mengine niliyaona, mengine alinisimulia mwenyewe, na mengine nimeyapata kwa mkewe, Mbuke, ambaye si mtu wa kuongeza chumvi.

Kazi ya Maduhu ilikuwa kurudisha ujana. Ulimpelekea baiskeli iliyobeba pamba na maji na wagonjwa miaka yote, chuma kimeota kutu hadi kinachafua suruali, naye akaikwangua, akaipiga msasa, akaipaka rangi, akarudia, halafu akachora mstari mweupe mwembamba kwa brashi ya manyoya ya mbuzi aliyoitengeneza mwenyewe. Ukija kuichukua, unazunguka banda zima ukitafuta ya kwako iko wapi.

Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu. Alipaka hata mahali pasipoonekana, chini kabisa, pale pedeli zinapoungana, ambapo hufika tope tu. Hatibu, mwenye duka la jirani, alikuwa akimtania.

"Maduhu, hapo nani ataona? Chura?"

"Nimeona mimi," anajibu, na brashi haisimami.

Tabia hiyo ndiyo iliyompa mke. Alimpenda Mbuke, binti wa upande wa Mhunze, lakini baba wadogo wa binti walipohesabu ng'ombe wake hawakuhitaji vidole vingi. "Tumwoze mtoto kwa brashi?" akauliza mmoja, na wenzake wakacheka. Aliyewanyamazisha ni mama wa binti, mjane aliyeitwa Mageni. Alisema, "Nimeiona baiskeli aliyompakia rangi jirani yetu Thobias. Niliinama nikatazama chini ya pedeli. Kumepakwa kama juu. Mtu wa namna hiyo hatamtupa mwanangu." Wazee wakaguna, lakini ndoa ikafungwa.

Maduhu hakuisahau kauli ile, ila hakuwahi kumshukuru kwa mdomo wake. Mnajua mambo ya ukwe kwetu. Mama mkwe humtazami usoni, husogei karibu yake, na nyumba anayolala huikanyagi. Akienda Mhunze, Maduhu alichuchumaa mbali uani, macho chini, akasalimia, akaitikiwa kutoka mlangoni, basi. Jambo lolote la maana lilipitia kwa Mbuke.

Na jambo la maana lilikuwepo. Kitanda cha Mageni kilikuwa cha miti na kamba, na mchwa wa kule hawana adabu. Kila kitanda alichochongewa kililiwa miguu, naye anarudi chini kwenye ngozi ya ng'ombe. Masika yakiingia, sakafu inatoa unyevu, kifua kinambana, anakohoa mpaka majirani wanasikia. Maduhu akaweka nia kwamba mama huyu atalala juu ya chuma. Chuma hakiliwi na mchwa.

Nia ile ilikaa miaka. Mwisho, pamba ilipokataa, akafunga banda akaenda upande wa Geita, kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji ambako mtu anashuka kwa kamba na kupanda akiwa rangi moja na udongo. Kazi ilimkondesha, lakini alibahatika punje za dhahabu, na kwa mchuuzi mmoja aliyeleta vitu kutoka ng'ambo ya mpaka akabadilishana nazo kitanda. Kilikuja Tinde vipandevipande ndani ya magunia ya mihogo mikavu. Mbuke anasema walipokiunga ndani, chumba kilipata mwanga. Kilikuwa cha rangi ya maziwa, chaga za springi, maua ya chuma kichwani, na vichwa vinne vya shaba ambavyo ukivitazama unajiona uso.

Bahati mbaya kilifika mwaka wa themanini na tatu.

Waliokuwepo wanaukumbuka mwaka ule wa msako wa wahujumu na walanguzi. Kitu kipya kilikuwa shahidi dhidi ya mwenyewe. Watu walitupa vitenge porini, walizika redio, na mwenye sabuni nyingi alinuka vumbi kwa makusudi. Hatibu alipochungulia chumbani akakiona kitanda, alifunga mlango nyuma yake.

"Risiti unayo?"

"Ya nani? Ya shimo?"

"Basi ndugu yangu, hiki kitakulaza wewe, tena si hapa." Akakizunguka, akagusa shaba. "Lakini wewe si fundi? Kila siku unachukua vizee unavifanya vijana. Huyu kijana mfanye mzee."

Maduhu alisema mwili ulimsisimka, kama mtu aliyeambiwa apige ng'ombe wa posa. Lakini masika yalikuwa yanakaribia.

Alimwonya Mbuke jambo moja. "Mama asiambiwe. Akijua ni kipya, atakisifu kisimani, na kisima kina masikio." Ni kweli, Mageni alikuwa mama mwema sana ila mdomo wake haukuwa na kizibo. Wakakubaliana ataambiwa msako ukipoa.

Kazi aliifanya nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa mabua, na mimi nilikuwepo siku kadhaa nikimsaidia kushika. Kwanza alipiga msasa ile rangi ya maziwa mpaka ikafa mng'ao. Akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ile ya udongo udongo. Ilipokauka akachukua mshumaa akasugua, si kila mahali, bali pale tu ambapo mkono wa mtu ungeshika akiamka, pale goti lingegonga, pale ufagio ungepita miaka yote. Juu yake akapaka kijani kama cha vitanda vya hospitali, kwa kuwa ndiyo rangi aliyokuwa nayo. Kijani kilipokauka akasugua kwa gunia, na kila penye mshumaa rangi ikabanduka kwa magamba, nyekundu ikachungulia, na mahali pengine akakwangua mpaka chuma chenyewe. Chuma hicho akakipaka maji ya chumvi na ndimu, akakiacha kwenye umande. Baada ya siku chache kutu ikaja, kutu ya kweli, siyo ya kuchora.

"Kutu haiji ovyo," aliniambia akikamua kitambaa. "Inaanzia maji yanaposimama." Akaipeleka huko hasa, kwenye maungio na kwenye nyayo. Mwishoni akachanganya masizi na mafuta akapaka kwenye maua ya chuma, akafuta, uchafu ukabaki kwenye mikunjo kama uchafu wa kucha za mzee. Vichwa vya shaba akavizika kwenye jivu lenye unyevu mpaka vikawa vyeusi, na kimoja akakitoa kabisa, akaziba tundu kwa kipande cha mti.

Kisha akakigeuza miguu juu.

"Huko chini nako?" nikamuuliza. "Nani ataona?"

Alipaka, akabandua, akatia kutu chini ya chaga, ndani ya nyayo, mpaka ile rangi ya maziwa haikuonekana hata ya kufunika ukucha. Alipomaliza tulikaa tukakitazama, kitanda kilichoonekana kimezika watu. Mbuke alipita na ndoo, akakiangalia, akaenda zake.

Walikipakia kwenye lori lililokuwa likienda kubeba pamba. Kwenye kizuizi mgambo mmoja alipanda, akakigonga kwa fimbo, magamba yakaanguka.

"Hiki umekifukua wapi, mzee?"

"Nampelekea mama mkwe."

"Mama mkwe amekukosea nini?"

Mgambo wakacheka, dereva akacheka, na Maduhu naye akacheka sana, kwa maana kitanda kilipita. Aliniambia siku ile alijiona fundi kuliko mafundi wote wa Shinyanga.

Mageni alikipokea kwa vigelegele, kama inavyotakiwa. Wanaume waliingiza vipande hadi mlangoni, wanawake wakaviunga ndani. Maduhu alibaki uani amechuchumaa. Mama mkwe akasema kutoka mlangoni, "Ahsante, baba. Mungu akuongezee." Naye akaitikia akiangalia mchanga. Akarudi Tinde moyo mweupe.

Msako ulipoa. Mbuke akatumwa kwenda kusema ukweli, akausema wote, dhahabu, mchuuzi, mshumaa, ndimu. Mama yake alimsikiliza, akacheka kidogo, akampapasa mkono.

"Mume wako amekufundisha maneno mazuri. Sina kinyongo naye, mwanangu. Asiyenacho anatoa alichookota."

"Mama, kilikuwa kipya. Naapa."

"Niliinama nikatazama chini yake," Mageni akasema. "Kimezeeka hata chini. Hakuna mtu anayekichakaza kitu kipya mpaka pasipoonekana."

Mbuke akaaga. Aliporudi alimwambia mumewe, "Amecheka." Kwamba mama hakuamini, hilo alilimeza, akiogopa kumvunja moyo.

Maduhu, kwa kusikia amecheka, alitulia. Alipanga kitanda kiletwe Tinde akirudishe kama kilivyokuwa. Lakini rangi ile ya maziwa haikuwepo. Madukani hata kibiriti kilipatikana kwa zamu, sembuse rangi. Hatibu alimletea kopo la bluu.

"Paka hii, mama alale."

"Siyo yake," Maduhu akasema. "Kilikuja cha maziwa, kitarudi cha maziwa."

Basi akangoja rangi. Mvua ya mwaka ule ikapita, na nyingine ikaanza. Katikati ya mvua hiyo ya pili mtu wa baiskeli akafika na habari kwamba Mageni kifua kimembana na hakikuachia.

Walipofika Mhunze alikuwa ameshazikwa. Mdogo wake marehemu, mama mmoja mwembamba, alimwambia Maduhu, "Sasa ingia. Aliyekuzuia hayupo." Ndipo alipoingia nyumba ile kwa mara ya kwanza.

Kitanda kilikuwepo. Juu yake yalipangwa mafungu ya michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, mpaka karibu na dari. Chini, ubavuni mwa kitanda, juu ya sakafu yenye unyevu, ilikuwepo ngozi ya ng'ombe, na blanketi lililokunjwa vizuri.

"Alikuwa akilala wapi?" Maduhu akauliza, ingawa alikuwa anapaona.

Yule mama akasita. "Alisema kitanda hiki kina watu waliofia juu yake, cha hospitali. Hakutaka usikie. Alisema mkwe haaibishwi. Kwa hiyo akakipa kazi ya kutunza chakula, ili mtu asiseme hakitumiki."

Maduhu alishusha michembe fungu kwa fungu. Akakitoa kitanda uani, mvua ilikuwa imekatika kidogo, akaomba kipande cha tofali kwa kuwa msasa hakuja nao. Akainama kwenye mguu mmoja akasugua. Kijani kilitoka, nyekundu ikatoka, maji yakashuka kama damu ya kuku. Waombolezaji walimwangalia, wengine wakidhani amechanganyikiwa. Alisugua mpaka pakatokea baka la rangi ya maziwa, laini, lisilo na mkwaruzo wa kutumika.

Yule mama akachuchumaa, akaligusa kwa kidole.

"Kumbe kilikuwa kipya."

"Kilikuwa kipya."

"Basi angelala," akasema, na akanyanyuka kwenda kuangalia maharage jikoni.

Kitanda alikirithi mama huyo, nacho kikabaki hivyo, kijani chenye mguu mmoja wa maziwa, maana Maduhu hakuweza kukigusa tena. Banda lake liliendelea miaka kadhaa. Mstari mweupe ulikuwa uleule, umenyooka. Lakini siku moja nimekaa naye nikaona amemaliza baiskeli ya mteja, na chini ya pedeli ameacha chuma kitupu, upana wa kidole gumba.

"Hapa umesahau," nikamwambia.

"Sijasahau. Atakayeinama na aone chuma chenyewe," akasema, akaitundika baiskeli kwenye kamba yake.