Reli ya Sebuleni

Sebule ya baba yangu mdogo, pale mtaani Kikuyu mjini Dodoma, ilikuwa na stesheni nyingi kuliko viti. Stesheni ya Dodoma ilikuwa mlangoni, mahali ambapo kwenye nyumba za wenzetu watu huvua viatu. Kigwe ilijificha nyuma ya kochi, Bahi ilikaa chini ya televisheni, Kintinku ubavuni mwa friji. Kutoka hapo reli ilianza kulikwea kabati la vyombo, maana ule ndio mlima wa Saranda, hadi Manyoni juu kabisa, kwenye sahani za wageni. Ukitaka sahani, uliomba ruhusa Manyoni.

Alikuwa mkuu wa stesheni maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu alikataa kustaafu. Reli alizitengeneza kwa njiti za miavuli mibovu, mabehewa kwa makopo ya samaki, na kichwa cha treni kiliendeshwa na mota aliyoing'oa kwenye redio ya kaseti. Jamani, treni ile ilitembea! Mimi, mtu mzima na kazi yangu ya ofisini, nilikuwa narudi jioni, natupa mkoba, napiga magoti pale Bahi na kuipungia mkono. Mtaa mzima uliambukizwa. Fundi cherehani wa jirani alijenga yake chini ya meza ya kukatia vitambaa, na mwalimu mmoja alijenga ya kwake kuzunguka kitanda, mpaka mkewe akawa analala kati ya stesheni mbili.

Sheria ilikuwa moja tu. Palikuwa na kipande cha shaba chenye kitanzi cha waya, naye alikiita kibali. Njia moja, kibali kimoja. Asiyekishika mkononi haondoi treni, hata kama mbele ni kweupe. Alisema ndivyo walivyofanya kazini ili treni mbili zisikutane uso kwa uso, na hakuona kwa nini sebuleni kuwe na uzembe.

Asiyecheka alikuwa mama mdogo peke yake. "Mimi niliolewa na mwanamume," alikuwa akisema, "sikuolewa na stesheni."

Ndipo ikaja posa yangu. Wazee wa mchumba wangu walikuwa wanatoka Hombolo, na mama mdogo akataka reli iondolewe ili wageni wapate pa kukanyaga. Wakabishana wiki nzima kupitia kwangu: mwambie baba yako, mwambie mama yako. Mwisho mama mdogo alikunja viroba vitupu, akavipanga kwenye kona, akatoa hukumu. "Ibaki siku hiyo moja. Lakini posa ya mtoto ikiingia aibu kwa sababu ya makopo yako, jioni yanalala humu."

Basi kila kitu kikawa juu ya treni ile. Na mimi nilimtaka yule mwanamume wa Hombolo, sitaficha. Nilimtaka mpaka nikawa natia chumvi kwenye chai.

Siku ilipofika nilifichwa ndani, kama desturi, nikachungulia kwenye pazia la ukumbini. Baba mdogo alikuwa chumbani anatafuta kofia yake ya kazi. Mpango wake ulikuwa treni iwaletee wageni karanga, behewa kwa behewa, na kibali alikuwa amekiweka tayari kwenye kisahani pale mlangoni.

Wakaingia na mbukwenyi zao, salamu za Kigogo. Mbele alikuwa baba mkubwa wa mchumba wangu, mzee wa koti jeusi. Akakiona kisahani, na juu yake kile kipande cha shaba. Akakitazama. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akakichukua kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa heshima, akakitia mfukoni na kwenda kuketi.

Baba mdogo akatoka na kofia yake, akatazama kisahani, uso ukamshuka.

"Samahanini ndugu zangu," akasema. "Hatuwezi kuanza."

Akapiga magoti, akaingiza kichwa nyuma ya kochi. Wageni wakatazamana, kwa sababu posa isiyoanza ni posa iliyokataliwa. Shangazi mmoja akaanza kujifunga khanga upya, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Mama mdogo akatazama viroba.

Nikatoka bila kuitwa. Mwali! Nikapiga magoti mbele ya mzee.

"Shikamoo baba. Naomba kilichomo mfukoni."

Akakitoa taratibu. "Mwanangu, nimekosea? Nilidhani ndiyo mila ya nyumba hii. Ukweni mtu haulizi, anafuata."

Baba mdogo akachomoza nyuma ya kochi, vumbi kwenye kofia. Akakiona kibali kwenye kiganja cha mgeni, na uso wake ukafunguka wote.

"Hujakosea, mzee! Kibali unacho wewe, basi njia ni yako. Ondoa treni."

Mzee akaonyeshwa swichi, akabonyeza. Karanga zikaondoka Dodoma! Treni ilipopotea nyuma ya kochi, yeye na koti lake jeusi wakatambaa kwenda kuhakikisha inatokea Kigwe. Pale Bahi wazee wote walikuwa wamesimama. Kwenye Saranda ikapunguza mwendo, ikatetemeka, shangazi wa khanga akapiga kelele, "Kaza, mama, kaza!" Ilipogusa Manyoni vigelegele vilitikisa sahani. Posa ilisemwa karanga zikiwa mdomoni. Niliulizwa kama nawafahamu wageni hawa, nikajibu "nawafahamu" swali halijaisha. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa juu ya viroba vyake.

Baba mdogo ametangulia mbele ya haki. Siku hizi Dodoma ina treni ya umeme, na nikiipanda nafurahi, ingawa hakuna anayeniletea karanga. Juzi nilitoka Hombolo bila kutoa taarifa, na kikapu cha zabibu, nikakuta mlango u wazi. Mama mdogo alikuwa amekaa sakafuni, kofia ya mumewe kichwani, kibali mkononi.

"Shika..." nikaanza.

Akainua mkono bila kugeuka. "Ngoja kwanza. Kuna treni njiani."

Nikasimama pale pale Dodoma na kikapu changu, mpaka ilipofika Manyoni.