Bluu Kwenye Ncha

Tangu Jumatano Candida alikuwa hakaliki. Kigoda chake kilikuwa palepale kwenye kichochoro, kati ya duka la vitenge na duka la vipuri vya pikipiki, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, lakini kila akikikalia anainuka. Anashika tupa, anairudisha. Anafagia alipokwisha kufagia. Anatoka mpaka barabarani, anapishana na mikokoteni ya marobota, anatazama upande wa Mchafukoge, anarudi.

"Dada, una siafu kwenye sketi?" aliuliza Athanas, fundi wa kuchomelea mageti aliyekuwa jirani yake kichochoroni.

"Niache, Athanas."

"Kisu si umeshakipeleka? Mzee akikipenda kakipenda, akikikataa unatengeneza kingine. Kwani anakupima wewe?"

Candida alichukua tena ufagio. Ndiyo, yeye ndiye aliyekuwa anapimwa, na Athanas hakujua nusu ya habari.

Kwa miaka kumi na moja Kariakoo ilimjua Candida kama mnoaji. Wauza nyama, mama ntilie, mafundi cherehani na mikasi yao, wote walipita kwake. Hakuna aliyemjua kama mtu wa kutengeneza kisu, ingawa alifundishwa na mjomba wake, Kasmir, mtu wa Masasi kama yeye, aliyekuwa anakata springi za malori mabovu ya bandarini na kuzigeuza visu vya kukatia hata mfupa wa paja. Mwaka jana magoti yalimshinda mjomba, akarudi nyumbani, akamwachia fuawe, nyundo tatu na jiwe la kunolea lenye bonde katikati kwa kutumika. Candida akaanza kufua visu vyake. Akavitundika. Watu wakavitazama, wakavisifu, kisha wakaenda kununua vile vinavyong'aa vya madukani, na wiki ya pili wakavileta kwake vinolewe.

"Mnoaji tu huyu," walisema, wala si kwa ubaya.

Palikuwa na mtu mmoja wa kuyabadili maneno hayo. Mzee Mwinyimvua alikuwa mchinjaji miaka arobaini. Siku hizi mkono unamtetemeka, hachinji tena, lakini wenye bucha wa mitaa ile hawachukui kisu kipya cha Idi ya kuchinja mpaka yeye akipitishe. Na Idi ilikuwa wiki tatu mbele. Kisu kikipita, wote watamfuata aliyekitengeneza. Kisipopita, basi tena, Candida angebaki na jiwe lake.

Jumatano asubuhi alimpelekea kisu kwenye baraza ya bucha ya Hashimu, kimefungwa kwenye kipande cha khanga. Mpini wa mninga, ribiti tatu za shaba, bapa limenyooka kama rula. Mzee alikifungua. Alilibofya bapa kwa kidole na kutega sikio likilia. Akaweka makali juu ya ukucha wa dole gumba, akayavuta polepole kutoka mpinini hadi nchani, macho kayafumba. Hata mkono wake ulitulia pale.

"Ukucha hauongopi," alisema. "Pakiwa na pengo dogo kama chembe ya sukari, unalisikia. Pengo linamkwaruza mnyama. Mnyama akiteseka dhambi si ya kisu, ni yangu mimi niliyekipitisha. Umeelewa, binti?"

"Nimeelewa, mzee."

"Umenolea nini?"

Hilo ndilo swali lake moja. Kila fundi anaulizwa.

"Jiwe la maji, mzee," Candida akajibu. "Kwa mkono."

Neno lilitoka lenyewe, jepesi kama pumzi. Mzee akaitikia kwa kichwa, akakizungushia kisu kile kipande cha khanga. "Kitazunguka siku tatu kwenye mikono ya watu. Wewe usikiguse. Jumamosi asubuhi nitakujibu."

Sasa, ukweli ni huu. Makali yote yalinolewa kwa jiwe la maji, isipokuwa ncha. Jumanne jioni Candida alikuwa amechoka, vidole vimevimba, ncha bado nene, na Athanas alikuwa anataka kufunga. "Pitisha kwenye grinda, dada, sekunde tano tu," Athanas alimwambia. Akapitisha. Umeme ulikuwa unayumba, jiwe la mashine mara linakwenda mbio, mara linapunguza mwendo, naye akakandamiza. Alipoinua, ncha ilikuwa imeshika rangi ya bluu, eneo la upana wa kidole kimoja. Bluu nzuri kabisa, kama shingo ya tausi. Kila mhunzi anaijua. Maana yake chuma kimeungua, kimelegea, na hakitashika makali tena hata ukinoe mpaka kiama. Mjomba Kasmir angekitupa. Candida alichukua msasa, akaisugua bluu mpaka ikapotea, kisha akaipiga ncha jiwe kidogo ili iwe kali kwa siku ya kwanza.

Ndiyo maana hakaliki.

Alhamisi mchana uzalendo ukamshinda, akaenda kwa Hashimu.

"Dada Candida!" Hashimu alipaza sauti kutoka nyuma ya mizani. "Kisu chako kina adabu mbaya! Nimekata kilo arobaini, hakijaomba hata maji!"

Wateja wakacheka. Candida naye akajaribu kucheka.

"Kiko wapi? Nikipake mafuta kidogo."

"Mzee kakataza. Kaniambia, huyo binti akija mwambie arudi kwenye jiwe lake." Hashimu akainama juu ya meza. "Lakini nikwambie siri? Kikipita, nachukua vitatu. Na jirani yangu pale, vinne. Umetoka, dada!"

"Umekatia nini?"

"Nyama. Sasa bucha hii ningekatia chapati?"

"Namaanisha sehemu gani ya kisu. Ncha umeitumia?"

"Ncha ya nini kwenye nyama ya kukata? Mbona unaniuliza kama askari? Kiko kwa Bi Sabaha wa supu. Yeye ndiye mtu wa gegedu na viungo, ataifikia hiyo ncha yako."

Usiku huo, Candida mwenyewe hakumbuki alikula nini.

Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa kwa Bi Sabaha, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu wa ng'ambo ya barabara, anayeuza supu ya kongoro chini ya mwavuli uliofifia rangi.

"Shikamoo, Bi Sabaha."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumchungulia mtoto wako? Yule pale, kalala kwenye ubao."

Candida alikiona kisu chake kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akakisogelea.

"Vipi?"

Bi Sabaha aliangalia kushoto na kulia, akashusha sauti, jambo lisilo la kawaida kwake. "Kizuri. Kizuri mno. Ila tangu asubuhi hii ncha inasuasua. Naichomeka kwenye kiungo inateleza, haishiki. Nikasema labda mkono wangu, labda kongoro limekomaa. Sitamwambia mzee. Wewe mwanamke mwenzangu unatafuta riziki, nikuharibie kwa gegedu moja? Mpige jiwe mara mbili hapo, mimi sijaona kitu."

Akageuka kumjazia mteja bakuli, akampa Candida mgongo mpana kama mlango.

Jiwe dogo lilikuwa mfukoni mwa aproni yake. Candida akalitoa, akalilowesha kwa maji ya kunawia, akashika kisu. Sss, sss. Mara mbili. Akagusisha ncha kwenye ukucha. Ikauma. Jumamosi asubuhi mzee angevuta ukucha wake asisikie kitu. Angekipitisha. Hashimu vitatu, jirani vinne.

Halafu ikamjia picha, na haikutaka kuondoka. Siku ya Idi. Mbuzi wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, mkono unapita, makali yanakata vizuri, yanafika mwisho kwenye ncha, na ncha inaburuza. Mnyama anajirusha. Mzee Mwinyimvua, aliyesema dhambi ni yake, kasimama pembeni na mkono wake unaotetemeka.

"Aa-aa," Candida alisema kwa sauti.

"Nini?" Bi Sabaha akageuka.

"Mzee yuko wapi saa hizi?"

"Ijumaa leo, atakuwa msikitini mapema. Candida, acha wazimu, rudisha hilo jiwe mfukoni tu... Candida! Kisu hicho unapeleka wapi?"

Alikuwa ameshafika kona.

Alisubiri ng'ambo ya msikiti kwa zaidi ya saa tatu. Hakusubiri kama watu wanavyosubiri. Alitembea kutoka nguzo ya umeme hadi gari la maji ya madafu na kurudi, kisu kimefungwa khanga kifuani, mpaka muuza madafu akamwambia, "Dada, unanipigia doria?" Watu walipoanza kutoka, kanzu nyeupe zikajaa barabara, akamwona mzee akitafuta viatu vyake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilisema Jumamosi."

"Mzee, nilikudanganya."

Mzee alikuwa amevaa kiatu kimoja. Akabaki hivyo hivyo.

Candida akamwambia yote palepale, harakaharaka, kabla ujasiri haujaisha: grinda, bluu, msasa, hata zile mara mbili za jiwe asubuhi ile. Watu walipita pembeni yao. Alitegemea mzee aseme alikuwa anajua. Hakuwa anajua. Uso wake ulibadilika kabisa.

"Mimi nimeweka ukucha wangu pale," alisema. "Nimekiita kizuri nyumbani kwangu, mbele ya mke wangu. Na wewe ulinitazama machoni! Ungeniaibisha mbele ya mbuzi!"

"Ndiyo, mzee."

"Usinijibu ndiyo mzee! Sasa unataka nini? Nikusifu kwa kusema kweli siku mbili baadaye?"

"Nataka niikate ncha. Na wewe uwepo."

Mzee alivaa kiatu cha pili bila kumwangalia. Kisha akatangulia kuelekea Msimbazi, anabwata njia nzima kuhusu vijana na mashine.

Kichochoroni, Candida alikibana kisu kwenye jiliwa, nyuma kidogo ya pale bluu ilipokuwa. Akainua nyundo. Wiki mbili za kazi. Akapiga. *Ta!* Ncha ikaruka, ikadunda kwenye geti la Athanas.

"Mama yangu!" Athanas akaruka naye.

Mzee akaiokota, akaupeleka mvunjiko kwenye mwanga. Sehemu ile ilikuwa na chembe laini, kijivu, kama mkate uliopikwa vizuri. Chuma kilikuwa kizima. "Hm," alisema, akageuza ndoo, akaikalia.

Candida akaanza kulitengeneza umbo upya kwa jiwe la mjomba na maji, bila mashine. Ni kazi ya kuua mtu. Unasukuma, unavuta, tope la kijivu linajaa vidoleni, unatazama, bado. Mzee alikaa mpaka alasiri, analalamika kuhusu joto, kuhusu ndoo, kuhusu kashata aliyonunuliwa na Athanas kwamba ni ngumu kwa meno yake. Akaondoka, na asubuhi ya Jumamosi akarudi kabla maduka hayajafungua. Candida alikuwa ameshaanza.

Saa nne akampa. Mzee akafumba macho. Mpinini. Katikati. Nchani. Akarudia. Akarudia tena.

"Umenolea nini?" aliuliza, macho bado kayafumba.

Candida aliweka jiwe chini. Alimnyooshea mikono. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kwa maji, mistari yake imejaa kijivu kisichotoka kwa sabuni.

Mzee akafumbua macho, akaitazama, akakipima kisu kwa shubiri. "Kimepungua. Kwa ng'ombe hakitoshi tena, shingo ya ng'ombe inataka urefu. Hiki ni cha mbuzi." Akakifunga kwenye khanga. "Nakichukua. Na huko bucha nitawaeleza yote mawili, kwamba kinakata na kwamba ulinidanganya. Sitaficha hata moja."

"Sawa, mzee."

"Cha ng'ombe ulete kabla ya Idi. Nitakizungusha siku sita."

Alipoondoka, Candida alikaa kwenye kigoda. Akainuka. Akakaa tena. Yote mawili! Ni lipi watakalolishika?

Jibu lilikuja kabla ya adhuhuri, na lilianza kusikika kutoka barabarani.

"Mama Bluu! Mama Bluu yuko wapi?" Alikuwa Hashimu, aproni imejaa damu, anacheka. Kumbe bucha zote zimeshasikia, na jina limeshapata mwenyewe. "Vitatu vya mbuzi, Mama Bluu. Kwa mkono! Nitakuja kukagua vidole!"

"Jirani yako je, wa vinne?"

"Huyo kasema anangoja kwanza aone cha ng'ombe."

Candida akaitika. Alikuwa ameshainuka, anavuta kipande cha springi kutoka kwenye rundo, anakipima kwa shubiri ya mkono wake, urefu wa ng'ombe.

"Dada," Athanas aliita kutoka kwake, "grinda iko huru hii, kama unataka..."

"Athanas!"

"Basi, basi, nimenyamaza."