Macho ya Ratomir na Njiwa wa Baba Yake

"Hicho kidude kimekula macho yako! Kimeyatafuna, kimeyameza, kimekubakizia maganda!"

Mzee Tihomir alikuwa anafoka katikati ya ua, kofia imekaa upande, kidole kimeelekea mfuko wa suruali ya mwanawe. Mfukoni mlikuwa na simu, na simu ilikuwa inatetemeka kama nyuki kwenye chupa.

"Baba, punguza sauti basi. Mwamuzi anasikia."

"Asikie! Kwani siri? Nakuuliza njiwa wako wapi, unaniambia wapo baba, wapo baba. Wapo wapi? Mfukoni?"

Ratomir aliinua shingo, akakodoa macho juu ya mji wa Kovin, kando ya mto Danube, na huko juu hakuona kitu. Buluu tupu, na kwenye hiyo buluu vijinyuzi vyake mwenyewe vinaelea, vile vya ndani ya jicho.

Mwamuzi aliitwa Vukosav, katumwa na chama cha wafugaji wa njiwa. Alikaa kwenye kiti karibu na ukuta, saa mezani, daftari gotini. Kanuni yao ilikuwa fupi. Njiwa saba wanaachiwa alfajiri, wanapanda, wanapanda, mpaka wanakuwa vumbi. Kila saa moja lazima mwamuzi awaone kwa macho yake, bila darubini, na mwenye njiwa ndiye wa kumwonyesha walipo. Saa ikipita hawajaonekana, mruko umekufa. Saa za mwanzo walikuwa chini, kila mtu aliwaona. Mara ya mwisho ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Sasa ilikuwa saa nne kasoro robo.

Na mruko huu haukuwa wa kushindania kikombe tu. Mzee Tihomir alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu kwake walikuwa vivuli vyenye sauti. Wiki iliyopita alisema mezani, kijiko kikiwa bado mdomoni: "Nyumba isiyo na macho haifugi njiwa. Wakipotea Jumamosi, Jumapili nampigia yule mnunuzi wa Pančevo aje na tenga lake." Akaendelea kunywa supu yake. Mbegu ya njiwa wale ilianzia kwa babu wa mzee. Ratomir alijifunza kuhesabu hadi saba kwa kuwahesabu wao.

Kwa hiyo Ratomir alikuwa na hofu, tena siyo ya leo.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Zamani alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nyuzi, mtu wa grisi mpaka kwenye kiwiko, na jicho lake lilikuwa linaona uzi uliokatika kutoka upande wa pili wa ukumbi. Kiwanda kikafungwa. Akakaa mwaka mzima anapaka rangi uzio wa watu. Kisha shangazi yake, aliyemfundisha Kijerumani zamani, akamtafutia kazi ya kukaa nyumbani na kujibu ujumbe wa wageni wanaokodi nyumba za likizo huko pwani. Ufunguo uko wapi, maji ya moto mbona hayatoki, jirani ana mbwa. Saa kumi kwa siku, saa kumi na moja kiangazi. Kwenye kona ya kioo cha kompyuta kuna saa ndogo nyekundu inayohesabu umechelewa sekunde ngapi kujibu. Mtu ukiwa na saa ile mbele yako, hata kupepesa unaona ni uvivu.

Ilianza kama mchanga. Anaamka, mchanga machoni. Anaosha, mchanga bado. Halafu kichwa kikawa kinamgonga juu ya nyusi. Halafu jioni taa za barabarani zikaota ndevu. Na jioni moja akatoka kwenda kununua mkate, akamsalimia padri kwa heshima zote, kumbe ni pipa la takataka. Alicheka peke yake, lakini kidogo tu. Alimfikiria baba yake anavyopapasa ukuta akitafuta mlango. Akajisemea, basi, zamu yangu imefika.

Alivuka daraja akaenda kwa daktari wa macho mjini Smederevo, ng'ambo ya mto. Daktari, mama mmoja mwenye haraka, akamwambia macho ni mazima. "Yamechoka tu. Ukiangalia kioo unasahau kupepesa, jicho linakauka. Na ndani kuna msuli umekunja ngumi kutwa nzima kwa ajili ya kitu kilicho hapa, mbele ya pua. Ukitaka kuangalia mbali, ngumi haifunguki haraka. Kila baada ya dakika ishirini, nyanyuka, angalia mbali nje ya dirisha, pepesa. Umenielewa?"

Alielewa sana. Ila dirisha la chumba chake lilikuwa limefungwa na pazia la mbao limeshushwa, maana Mzee Tihomir anajua kwa hakika kwamba upepo wa kupenya dirishani huua watu wazima. Alipomsikia mwanawe anafikicha macho hakumuuliza, alimletea tu kitambaa kilichochovywa kwenye chai ya maua ya kamomili na kumkanda nacho usoni. "Ni upepo huo. Umeacha mlango wazi." Ratomir hakumwambia ya daktari, miezi sita. Siku za mazoezi, akiulizwa njiwa wako wapi, alinyoosha kidole popote, na mzee, asiyeona kidole, alitikisa kichwa kwa furaha.

Na leo alikuwa ameomba ruhusa kazini, nusu nusu. Walimwambia sawa, lakini ujumbe wa haraka ajibu. Kwa hiyo tangu asubuhi alikuwa hivi: anaangalia juu, simu inatetemeka, anaiangalia chini ya kwapa, anamjibu mgeni mmoja wa Stuttgart kuhusu taulo, anainua kichwa, mbingu imekuwa maziwa.

"Dakika arobaini na tatu," alisema Vukosav bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake mwenyewe. Alikuwa anacheza karata humo.

"Ratko," mzee alimwita kwa jina la utotoni, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mwanangu. Unawaona au huwaoni?"

Ratomir angeweza kunyoosha kidole tena. Lakini Vukosav ana macho.

"Siwaoni, baba."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu majira ya baridi."

Yule mwamuzi aliacha karata zake.

"Na mazoezini? Ulipokuwa unaniambia wako juu ya kanisa?"

"Kanisa nilikuwa naliona."

Vukosav alikohoa, kile kikohozi cha mtu anayemeza kicheko. Mzee hakucheka. Alisogea mpaka akamgusa mwanawe bega, akapapasa mpaka shingoni, akaikuta imekaza kama gogo.

"Umeenda kwa daktari?"

"Nimeenda. Anasema macho ni mazima, yamechoka."

"Mazima?" Mzee aliuliza mara mbili. "Mazima kabisa? Siyo kama yangu?"

"Siyo kama yako, baba."

Mzee alishusha pumzi ndefu. Kisha mkono wake ukaingia mfukoni mwa Ratomir, ukatoka na simu inayotetemeka, akaitumbukiza kwenye kapu la mahindi pamoja na Stuttgart yote. "Kaa chini, punda wewe. Fumba macho."

"Baba, dakika zinakwisha!"

"Fumba! Na usiyakaze kama mtu anayenyolewa. Yaache tu. Haya, fungua. Pepesa. Pepesa tena, kama binti anayetaka kuolewa. Sasa usiangalie juu. Kule mtoni kuna ghala refu la nafaka. Unaona nini?"

"Kitu cha kijivu."

"Ubavuni kuna ngazi ya chuma. Nihesabie vidato."

"Vidato gani? Naona mstari tu."

"Basi kaa na mstari. Mbingu tupu inadanganya, mwanangu. Jicho likikosa cha kushika linarudi nyumbani, linaanza kuangalia pua yake. Lipe kwanza kitu cha mbali lishike, halafu ulipandishe taratibu. Nani kakufundisha kukodolea mbingu kama televisheni?"

"Dakika hamsini na moja," alisema Vukosav.

Ratomir alikaa na mstari. Alipepesa. Machozi yakaja, ya kawaida tu, yakaosha ule mchanga kidogo. Mstari ukawa mistari miwili. Akapepesa. Kati ya mistari miwili kukaanza kuwa na alama, kama meno ya kitana. Akahesabu nane, zikapotea, akapepesa, akaanza tena. Kumi na moja. Kumi na saba.

"Naona vidato."

"Panda navyo. Polepole. Toka kileleni nenda kwenye ukingo wa wingu, kama lipo."

"Lipo."

"Tembea ukingoni."

Akatembea. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Halafu, upande wa kushoto wa wingu, juu sana, mtu kama alikuwa amemwaga mbegu ndogo nyeusi za mpopi. Mbegu zikageuka zote pamoja, zikang'aa, zikazimika.

"Wale! Wale, wale, wale!"

"Wapi?" Vukosav alisimama, kiti kikaanguka. "Sioni."

"Kushoto kwa wingu!"

"Naona wingu tu, bwana. Dakika hamsini na saba."

"Wewe naye ulikuwa kwenye karata!" Mzee Tihomir alimrukia. "Mnakuja kuamua njiwa na macho ya kuchezea karata! Fumba! Pepesa! Angalia ghala!"

Na mwamuzi wa chama, mtu mzima mwenye beji kifuani, akafumba, akapepesa, akaangalia ghala. Ratomir hakuthubutu kuondoa macho yake juu. Alimshika Vukosav shingo, akamwelekeza kama anavyoelekezwa farasi. Shati lilikuwa limemganda mwilini.

"Ghala, wingu, kushoto, panda vidole viwili..."

"Ngoja. Ngoja. Ee!" Vukosav alinyoosha kidole. "Wale! Mmoja, wawili... Saba. Wote saba." Akainama mezani, akaandika saa. Ilikuwa imebaki chini ya dakika moja.

Hakuna aliyeshangilia. Kulikuwa na saa tatu nyingine mbele, na wingu jingine, nene, lilikuwa linanyanyuka upande wa Danube, na upande ule ndiko vipanga hutokea. Ratomir alishusha macho kwenye ghala, akayapumzisha, akapepesa, akayapandisha. Wapo. Akashusha. Akapandisha. Wapo. Hofu haikuisha, lakini sasa alijua anachokiogopa kiko wapi angani.

"Mzee Tihomir!" Jirani, Stojanka, alitokeza kichwa juu ya uzio. "Unangoja nini? Zamu yako ya mtambo wa kukeneka pombe imefika! Wakikuruka, plamu zako zitakuwa siki!"

"Nakuja, mama, usipige kelele, unawatisha njiwa!"

"Njiwa gani? Sioni njiwa."

"Huoni kwa sababu unaangalia mambo ya watu. Ratko, wewe baki nao; nyumba hii bado ina macho." Alipapasa mpaka akapata mikono ya toroli, ambamo pipa la plamu lilikuwa limeshapakiwa tangu jana, akalisukuma kuelekea langoni, na kila hatua alikuwa analitukana lile gurudumu.