Aitwe kwa Jina la Mamake

Kwetu Unguja mtu akifa haitwi kwa babake. Akiwa hai atatajwa kwa baba na babu na baba wa babu mpaka masikio yachoke, lakini siku akishafukiwa, maalim huketi kichwani pa kaburi akamsomea talakini, maneno ya kumkumbusha majibu atakayowapa malaika, na hapo humwita kwa jina la mamake. Ewe fulani, mwana wa fulani. Jambo hilo nililijua tangu utotoni kama nilivyojua kutia udhu, na sikuwahi kulifikiria mpaka alipokufa babu yangu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami wakati huo msichana wa kuposwa.

Maiti ilikwisha koshwa na kukafiniwa, jeneza lipo ukumbini. Sisi wanawake tulijazana chumba cha ndani, bibi yangu katikati. Ami yangu, ndugu mkubwa wa baba, akaja akasimama nyuma ya pazia.

"Mama, maalim anauliza jina la mamake marehemu."

Bibi akajifunika uso kwa kanga.

"Nshamwambia kuwa sote tunalijua. Anasema lazima litoke kwako."

Bibi akawatazama dada zake waliomzunguka, mmoja mmoja. Mwisho akalitaja jina la yule mwanamke tuliyemwita mwenye kasha, kwa sauti ndogo. Ami akaondoka. Punde tukasikia tahalili zikiteremka ngazi pamoja na jeneza, na vilio vikaanza.

Mwenye kasha ndiye aliyekuwa fahari ya nyumba yetu. Alikuwa mke wa babake babu, binti wa watu wakubwa, aliyeletwa kutoka Maskati na kasha la msaji lililopigwa njumu za shaba. Kasha lilikuwepo pale pale sebuleni, na mgeni hakuweza kunywa kahawa yake kwa raha mpaka aonyeshwe. Zama zile watu walikuwa wameanza kuulizana kabila kwa ukali kuliko zamani, na Ami akizidi kulisugua lile kasha kwa mafuta. Hata mimi, nyumba moja ya kujidai ya Malindi ilikuwa imeniletea posa, na wanawake wao walipokuja walilitazama kasha kwanza, mimi baadaye.

Bibi akaingia eda. Mjane haachwi peke yake, kwa hivyo nikapewa mimi kazi ya kukaa naye katika chumba chake cha juu, karibu na mdomo wa ngazi. Hitima zikapita, watu wakarudi makwao, nyumba ikawa kimya. Ndipo tulipoanza kuzisikia ngazi.

Ilikuwa baada ya alasiri, jua lingali kali uani. Ngazi zetu zilikuwa za mbao, na kila kidato kilikuwa na mlio wake. Sisi tuliokulia mle tungeweza kumjua anayepita kwa kusikia tu. Basi vidato vikawa vinalia, kimoja kimoja, taratibu, kama vya mtu mzima anayeshika ukuta. Nikatoka kutazama. Hapana mtu. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Ami alisema ni mbao zinakauka. Mbao zile zilikuwa na umri kumshinda yeye na babake, sijui kwa nini zingoje mwaka ule ndio zikauke. Niliogopa, wala sioni haya kusema.

"Unasikia?" bibi akaniuliza siku moja.

"Nnasikia, bibi."

"Babu yako huyo, anateremka. Saa zake hizi."

Zilikuwa saa zake kweli. Kila siku akirudi msikitini baada ya alasiri, babu alikuwa akikata kipande cha haluwa, anakitia kwenye kisahani, anateremka nacho mwenyewe mpaka kile chumba kidogo cha kando ya kisima. Watumishi wamejaa nyumbani, lakini kisahani kile hakumpa mtu. Mle chumbani akikaa mtumishi wetu mmoja mkongwe, mwanamke aliyeletwa kutoka bara akiwa mtoto. Bara ipi, sikumsikia mtu kuuliza. Sote tukimwita kwa jina lake kavukavu, hata Bi hatukumpa, na jina lenyewe lilikuwa la kitu kizuri, kama walivyokuwa wakipewa watu walionunuliwa, ili mwenye kuwaita afurahi. Alikufa ningali mdogo. Nikimkumbuka, namwona akitwanga uani huku amenyoosha miguu, na kunitilia karafuu mdomoni jino likiniuma.

"Hakuitika," bibi akasema. "Kaitwa kwa jina si la mamake, hakuitika. Ndiyo maana hapumziki."

Nilidhani ni huzuni tu inasema. Nikamwambia apumzike. Akanitazama miguu.

"Kidole chako cha pili kimekipita cha gumba. Toka ulipozaliwa nakiona. Mguu huo ni wa yule wa chini, wa kando ya kisima."

Nikauvuta mguu nikauficha ndani ya kanga, nami hata sijaelewa bado.

Kisha akanieleza. Mwenye kasha hakujaaliwa kuzaa. Aliyemzalia bwana alikuwa kijakazi wake, yule yule wa chini, na mtoto kabla hajatimiza arubaini mwenye kasha akamchukua akawa wake mbele ya watu. Mama mzazi akaachiwa kumnyonyesha, akamlea mwanawe kwa cheo cha yaya. Mwenyewe aliridhia. Alisema bora mwanawe apate kasha kuliko ampate yeye. Mtoto akakua, akawa mtu wa kubusiwa mkono, akaozwa bibi yangu, ambaye watu wake wasingemtoa kwa mwana wa kijakazi hata kwa dhahabu ya kumfunika.

"Na mimi nimeletwa hapa bi harusi," bibi akasema, "kila asubuhi yeye akipanda na birika ya maji. 'Shikamoo bibi.' Nami namwitikia marahaba. Mkwe wangu, mwanangu! Miaka yote ile, mkwe wangu akiniamkia mimi."

"Ulijuaje, bibi?"

"Siku aliyozikwa. Babu yako aliingia mwenyewe kaburini kumpokea. Watu wakamsifu, ati tajiri mnyenyekevu, kamzika mtumishi wake. Lakini mwanamke hupokewa kaburini na maharimu wake, na maharimu ni nani kama si mume, au ndugu, au mwana? Aliporudi na udongo magotini nikamtazama, naye akanitazama. Hatukulisema siku ile wala nyengine. Yaliyobaki nilihadithiwa na mkunga wa zamani, naye kesha kufa."

Akaanza kulia. Sijapata kumwona bibi akilia vile, hata siku ya jeneza.

"Ami yako aliposimama pale nyuma ya pazia, jina nilikuwa nalo ulimini. Nikawaona dada zangu wamekaa, nikaona haya. Sasa yumo kule peke yake, na hajaitwa. Nenda kwa maalim, mwanangu. Mwambie arudi akamsomee tena, kwa jina la mamake."

Asubuhi yake nikavaa buibui nikavuka Darajani, nikashika njia ya Jang'ombe. Nilikwenda na hasira. Hasira za babu, za Ami na mafuta yake, za kasha. Nikawa natazama vidole vyangu vinavyotokeza kwenye viatu na kujiuliza ni njia gani mguu huu ulipitishwa hata ukafika Unguja, tena mguu wa mtoto. Nilipofika kwa maalim, watoto walikuwa barazani wanasoma juzuu kwa makelele.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Bibi hajambo na eda yake?"

Sikukaa hata kitako. Nikayamwaga yote nimesimama, na jina la yule wa chini nikalitaja, ndiyo mara yangu ya kwanza kulitaja tangu afe. Maalim akawaashiria watoto wanyamaze.

"Kamwambie bibi yako atulie," akasema. "Babu yako alikuja hapa alipoanza kuumwa. Akaniambia, maalim, siku yangu ikifika watakuletea jina la fahari. Lipokee kwa adabu, lakini usiniite nalo. Akanipa la mamake."

"Sasa mbona ulituma kwenda kumuuliza bibi?"

"Nilitaka apate nafasi ya kulisema. Hakuweza. Simlaumu." Akakohoa kidogo. "Pale kwenye jina niliinama karibu na udongo, Ami yako asisikie, nikamwita kwa mama aliyemzaa. Kaitwa sawasawa, mwanangu. Nenda kwa amani."

Nilirudi mbio mbio, nacheka na kulia ndani ya buibui, watu wa Darajani wakinishangaa. Njiani nikaamua pia habari ya posa. Wanawake wa Malindi walipokuja tena nikawaeleza mwenyewe miguu yangu imetoka wapi, na kahawa yao wakaiacha nusu. Ami alininunia mwaka mzima. Lakini hayo ni ya baadaye.

Siku ile nilipompa bibi maneno ya maalim, alishukuru kwa sauti, akanitaka nimpe uji, akaunywa wote. Uso ulimrudi. Tukasali alasiri pamoja, tukakaa kwenye mkeka tunazungumza habari za kawaida, bei ya samaki nadhani.

Ngazi zikalia.

Nikamgeukia bibi. "Bibi, si kaitwa! Maalim kasema kaitwa!"

Bibi alininyamazisha kwa mkono. Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande, na nikaona uso wake unageuka.

"Kilicholia mwanzo ni kidato cha chini," akasema. "Siku zote hizi kimeanza cha chini, mimi nimeshughulika na hofu yangu, sikusikia. Hateremki mtu hapa. Anapanda."

Nami nikasikiliza, na ilikuwa kweli. Vidato vilikuwa vinakuja kwetu, na mlio ulikuwa mwepesi, wa mtu asiyebeba birika.

Kilipolia kidato cha juu, pakawa kimya. Mlango ulikuwa wazi, na pale kizingitini palikuwa na jua tu. Bibi alijivuta kando akaacha nafasi ya mtu mmoja kwenye mkeka, akajitanda vizuri kitambaa chake cheupe.

"Shikamoo, mama," akasema, akakaa akingoja kuitikiwa.