Fagio Limelala kwa Nani

Mie nina hasira za karibu. Nalisema mapema, maana watu wakisikia "sista" hudhani ni mtu wa kunong'ona na kutabasamu. Nilizaliwa Mbinga, kwenye nyumba ya wasichana saba, na pale asiyepaza sauti alikuwa analala njaa. Utawa umenifundisha mengi, lakini sauti imebaki ileile.

Tulihamia Kiwalani wawili. Mwenzangu alikuwa mtawa mzee kutoka Ulaya, mkunga aliyezalisha wanawake kwenye hospitali za misheni huko kusini mpaka nywele zikawa nyeupe, na Kiswahili chake kilikuwa cha Songea kuliko changu. Majirani walimwita Bibi tangu wiki ya kwanza, na mimi nikafuata. Wazo la kuja lilikuwa lake. Alisema ameishi miaka yote ndani ya uzio wa misheni, na kabla hajafa anataka kuishi kama wanavyoishi watu wanaotuletea sadaka. Shirika likatukubalia kwa shingo upande. Sista wa tatu tuliahidiwa, na hadi leo naambiwa yuko njiani.

Tukapanga vyumba viwili kwenye nyumba yenye kaya tano, choo kimoja, na bafu moja la mabati uani. Mama mwenye nyumba alikuwa mjane wa Lindi, Mwislamu wa swala tano. Mimi nikapata kibarua kwenye kiwanda cha kufungasha viungo, Mikocheni, nikawa narudi jioni vidole vya njano kwa binzari na pua inawasha kwa pilipili. Kanisa letu lilikuwa kona ya chumba nyuma ya pazia la kitenge. Tukianza sala ya asubuhi, mama mwenye nyumba aliwafokea wenye redio: "Punguzeni hiyo! Wenzenu wanaswali!" Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Ujinga wangu niliufanya wiki hiyohiyo ya kwanza. Niliamka kabla ya jua, nikachukua fagio la chelewa lililoegemezwa mlangoni kwa jirani, nikafagia uani kote, nikaosha choo, nikajaza pipa la maji. Siku sita mfululizo, moyo umejaa utakatifu. Nilitegemea walau "ahsante, Sista". Wapi! Watu walinipita wamekunja nyuso. Jirani wa mlango wa tatu, mama wa watoto pacha ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha, aliniitikia salamu huku anaangalia ndoo.

Siku ya saba mama mwenye nyumba akaniita barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sista, sie tumewakosea nini humu ndani?"

Nikasema hakuna kosa lolote.

"Basi mbona unatufanya wachafu?"

Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto. Nyumba ile fagio lina zamu. Anayemaliza kufagia analiegemeza kwenye mlango unaofuata, na lilipolala ndipo zamu ilipo. Sasa mama mkwe wa Mama Pacha alikuja kutembelea, akakuta fagio limelala kwa mkwe wake, na anayefagia ni mtawa wa watu, mkwe mwenyewe bado yuko kitandani. Maneno yalikuwa yameshafika kwao, Masasi.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Nyie jembe hata hatujawapa, mmetunyang'anya."

Nilipandwa na hasira, haki ya Mungu. Unasafisha choo cha watu halafu unageuzwa mkosaji! Nikaenda kumlalamikia Bibi. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Tangu tumefika umewapa kazi moja tu, ya kukushukuru," akasema. "Nenda kaombe zamu." Nikaomba, tukapewa, kila siku ya tano. Lakini Mama Pacha hakulisahau lile. Miezi ikapita tunasalimiana kwa ncha ya ulimi, na mimi kwa kiburi changu sikumwomba radhi.

Mwaka wa pili miguu ya Bibi ikaanza kugoma, na macho yakafifia. Mama Mkuu wa shirika letu alikuwa ameshaniambia waziwazi: siku Bibi atakaposhindwa kwenda chooni mwenyewe, nipige simu, gari litakuja kumchukua. Angepelekwa kwenye nyumba yetu ya wazee, ambako kuna wauguzi, bustani na kimya. Pazuri, sisemi uongo. Ila Bibi hakupataka. "Usinipeleke kule kwenye bustani," aliniambia. "Huku nasikia watoto, nasikia watu wanagombana, najua kama leo ni Ijumaa. Mimi nilikuja kukaa." Na mimi nilijua kuwa akiondoka yeye, na makao yetu pale yamefungwa.

Basi nikawa mwongo. Mama Mkuu akipiga simu, namwambia Bibi hajambo, anatembea vizuri tu. Nikaamka mapema zaidi, namwogesha, nampikia uji wa ulezi, naujaza kwenye chupa ya chai, naweka kikombe karibu, ndoo karibu, rozari karibu, kisha nakimbilia kazini. Majirani wakiuliza, jibu langu ni moja: "Bibi? Mzima kabisa!" Kwa kuwa mlango niliurudishia, nilidhani nimeficha.

Siku moja nilirudi nikakuta watu wamejaa uani. Bibi alikuwa ameanguka bafuni saa nne asubuhi, komeo limefungwa kwa ndani. Mama Pacha ndiye aliyesikia. Akang'oa bati kwa mikono yake, akamfunika Bibi kwa kanga aliyokuwa amejifunga mwenyewe, akambeba mgongoni hadi kitandani. Kiganja chake kilikuwa kimechanwa na bati, amekifunga kitambaa. Bibi hakuvunjika mfupa, sifa kwa Mungu. Alikuwa amekaa kitandani anakunywa chai yenye tangawizi, chai isiyo yangu, kwenye kikombe kisicho chetu.

Unadhani nilishukuru? Nilifoka. "Nani kamruhusu atoke? Na naomba hili lisitoke humu ndani! Mama Mkuu akisikia, anamchukua!"

Watu wakatazamana. Mama Pacha akashika kiuno. "Sista," akasema, "mficha uchi hazai."

Halafu akakumbuka anaongea na nani, akaziba mdomo kwa ule mkono wenye kitambaa. Kitandani Bibi akaangua kicheko. "Kweli kabisa!" akasema. "Nimekuwa mkunga maisha yangu yote, hakuna aliyezaa amefunga kanga zake." Uani wote ukacheka isipokuwa mimi.

Asubuhi yake mama mwenye nyumba akatangaza, bila kuniuliza: "Kuanzia leo, mwenye fagio ndiye mwenye Bibi." Fagio likilala kwako, chupa ya uji inalala kwako pia, na kesho yake Bibi ni wako: kumwogesha, kumpeleka chooni, kumtoa nje apigwe na jua. Siku ya zamu yetu, mama mwenye nyumba angenishikia mpaka nirudi kutoka kazini.

Nilikataa. Nikasema mwili wa mtawa hautazamwi na kila mtu. Bibi akanikatiza. "Wanawake wangapi wameniachia miili yao? Leo wangu una nini?" Akanishika mkono wangu wenye binzari. "Wewe mwanangu kutoa unakujua sana. Kupokea hukujui hata kidogo. Haya, kaa chini ujifunze." Niliona haya. Nilikaa.

Wiki tatu zikapita hivyo, na Bibi akanenepa, jamani! Kila mlango ulikuwa na uji wake: wenye karanga, wenye ndimu, wenye maziwa ya nazi. Lakini habari haina miguu, ila inafika. Jumamosi mchana natoka kazini, nikaona gari la shirika limesimama barabarani, maana kichochoroni kwetu haliingii. Nikamkuta Mama Mkuu amekaa kwenye kigoda uani, mkoba mtupu wa bluu miguuni kwake, anamtazama Mama Pacha akimlisha Bibi.

"Sista," akaniambia, "uliniambia anatembea."

"Nilidanganya, Mama."

"Kafungashe vitu vyake."

Sikubisha. Mkoba ule niliujaza mimi mwenyewe: magauni mawili, sweta, kitabu cha sala, picha ya mama yake. Machozi yalinitoka, siyafichi. Nilipotoka nao, mama mwenye nyumba alikuwa anamkaribisha Mama Mkuu chai kwa adabu zote za Lindi.

"Mkubwa wake umekuja, sie hatuna neno," akasema. "Ila mtu aliyekaa na watu haondoki kama kuku aliyeuzwa. Tupe siku tatu tumuage. Na wewe lala hapahapa, utuone."

Mama Mkuu ni mtu wa ratiba. Sijui ni kitu gani kilimfanya akubali, labda ile chai. Dereva akarudishwa, mimi nikalala kwenye mkeka, yeye akalala kwenye kitanda changu chenye bonde katikati.

Jioni ile alimwona Mama Pacha akimwogesha Bibi, mapacha wanashika sabuni na taulo, wote wanne wanaimba nyimbo za chekechea. Usiku fagio likalala kwa jirani mchonga vinyago. Jumapili, tuliporudi misani, tukamkuta yuko ukutani na nyundo. Mkewe alikuwa ameshamwogesha Bibi, na yeye alikuwa amechonga mti laini wa kushikia, anaukaza kuanzia mlangoni kwetu mpaka chooni. Mwisho wa ule mti alichonga kobe mdogo.

"Kobe wa nini?" Mama Mkuu akauliza.

"Bibi haoni vizuri," akasema. "Mkono ukigusa kobe, ajue amefika."

Bibi akajaribu. Akaenda hatua kwa hatua, anapumzika, anaenda, mpaka akamgusa kobe kichwani. Akaingia chooni mwenyewe. Uani wakapiga vigelegele, mtu kaenda chooni tu! Mama Mkuu akageuka akatazama ukuta kwa muda mrefu.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya tatu, na zamu ilikuwa yetu. Niliamka gizagiza nikafagie kabla ya kazi. Fagio sikulikuta mlangoni. Nikasikia chwa, chwa, chwa. Mama Mkuu alikuwa katikati ya uani, vazi jeupe amelipandisha na kulifunga kiunoni, anafagia. Tena vibaya! Anavutia taka kwake badala ya kuzisukuma mbele. Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka kuswali, yuko barazani na tasbihi, amejawa furaha.

"Siku ya tatu, Mama Mkuu!" akamwambia.

"Nimeliona jembe langu," akajibu.

Milango ikafunguka mmoja mmoja. "Mama, pale pembeni umeacha!" "Inama, mgongo hautavunjika!" Bibi naye akatoka ameshikilia mti wake, akataka aambiwe nani anafagia. Alipoambiwa akacheka mpaka tukamkalisha.

Mama Mkuu alipomaliza akajifuta jasho. "Nimeamua," akasema, na wakati huohuo ndege ikaanza kupita juu ya mabati, zile kubwa. Kiwalani ndege ikipita mazungumzo hungoja. Tukamtazama, naye anatutazama, mdomo wazi, na mimi nikawa nasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali: tafadhali, tafadhali. Ndege ilipopita hakurudia maneno. Aliingia chumbani, akatoka na mkoba wa bluu, akaanza kutoa gauni, sweta, kitabu, akimpa Bibi kimoja kimoja mapajani.

"Kule nyumbani tuna wauguzi wawili," akaniambia mimi. "Hapa nimehesabu tisa, na pacha." Kisha akaongeza, "Ila ukinidanganya tena, nakuchukua wewe."

Nililia kwa sauti, ile sauti ya Mbinga.

Basi mgeni haondoki mikono mitupu. Gari lilipokuja, mama mwenye nyumba alileta nazi, mke wa mchongaji akaleta mihogo, Mama Pacha akaleta maandazi ya moto kwenye gazeti, na pa kuviweka palikuwa ule mkoba tu. Mkoba uliokuja kumchukua Bibi ukaondoka na mihogo. Bibi alibaki kwenye kigoda, anapigwa na jua, anauliza uji uko wapi.

Kazini nilikuwa nimeshachelewa. Hata hivyo nilisimama kwanza mlango wa tatu. Nilimwambia Mama Pacha yote, la mama mkwe wake na la mkono wake uliochanwa, nikamwomba radhi, nikamshukuru. Ahsante hiyo ilikuwa imenikaa kooni muda mrefu, na sijawahi kuitoa kwa furaha kama siku ile.

Akanisikiliza, anakunja nguo za watoto. "Yameisha, Sista," akasema. "Ila Kurwa ana homa, na mie natakiwa sokoni. Ukirudi jioni utanishikia?"

Nikasema nitamshikia. Na nilipofika kichochoroni nilikuwa naimba.