Kiti Changu Hitimani

Siku hizi nikijilaza mchana hapa Chumbageni, miaka ya uwaziri hunijia kama habari za mtu mwingine nilizosimuliwa tu. Ya ualimu ndiyo ninayoiona wazi: darasa kule Muheza, harufu ya machungwa dirishani, chaki vidoleni, na watoto wakivuta sauti, "Shikamoo mwalimuuu," mpaka usingizi unakunyemelea umesimama. Kutoka hapo nikawa mbunge, kisha waziri. Hata sijui ilikuwaje.

Cha uwaziri ninachokikumbuka vizuri ni kiti. Nilikwenda kwenye hitima ya mume wa shangazi, shangazi yule aliyenilea tangu mama afariki. Kwetu mwanamke akifika msibani huvua viatu, hukaa mkekani, hupewa kisu na vitunguu. Mimi nililetewa kiti cha plastiki kilichofunikwa kitambaa cheupe, nikakalishwa juu ya vichwa vya wenzangu. Nikainama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mheshimiwa," akajibu, macho chini.

Iliniuma sana. Nilitaka kushuka, lakini msaidizi wangu alishaanza kutazama saa. Na kila nilipokwenda tena msibani kiti kilikuwa kinaningoja, na shangazi hakuniita mwanangu hata mara moja.

Kisha uteuzi wangu ukatenguliwa. Nilisikia kwenye taarifa ya habari kama wengine. Aliye juu mngoje chini, wanasema, nami nikajua Tanga nzima imeshatandika mkeka kuningoja.

Hitima ya kwanza baada ya hapo ilikuwa ya jirani. Niliingia na khanga zangu. Hakuna aliyeleta kiti. Wanawake walisogeza magoti tu, na shangazi akapigapiga mkeka kando yake.

"Njoo hapa, mwanangu. Vitunguu hivi vimekungoja mno."

Tukakata. Kisomo cha wanaume kilitufikia kutoka barazani, kikipanda na kushuka, nami nilikuwa kama nusu nimelala, nimetulia kuliko siku zote za ofisini. Shangazi akanisogelea.

"Nilikuwa na hofu moja. Wa kuniosha nikifa ni wewe, binti mwingine sina. Nikawa najiuliza, mheshimiwa atakubali kulowana?"

Machozi yalinitoka, na kwa vitunguu vile hakuna aliyeniuliza kitu.

"Nitakuosha mimi, shangazi," nikamwambia.