Ukingo wa Medali

Siku shemeji yangu aliponiomba nimng'arishie medali ya babu yao, nilipaswa kusema hapana. Nilisema, "Iache hapa, hiyo kazi ndogo." Huku kwetu kusini, Magomeni nzima ilijua kwamba mambo ya sarafu za kale yana mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Sijivuni bure. Nilianza kukusanya nilipomaliza kidato cha nne, na leo nina makopo matatu ya biskuti yaliyojaa. Nina pesa ya Sultani yenye mizani, rupia ya Mjerumani yenye simba na mtende, hela za shaba ambazo watu huzifukua wakilima mihogo, na sarafu za Mreno zilizovushwa mto Ruvuma pale Kilambo mifukoni mwa wachuuzi. Nina hata kibati walichopewa vibarua wa shamba la mkonge, hakina maandishi, kina namba tu. Nikifumba macho ukanipa sarafu, nitakuambia ni ipi kwa uzito wake na kwa meno ya ukingoni. Walimu wameleta wanafunzi barazani kwangu, na watoto wale, ambao darasani hawatulii, walitulia.

Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuwa analima korosho karibu na Kilambo. Babu yao alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, akawa askari wa Mwingereza katika vita vya kumpiga Mjerumani, kisha akafa watoto wake wakiwa wadogo. Medali yake ilining'inia jikoni miaka mingi hadi ikawa nyeusi kama chungu.

"Binti yangu anaolewa," shemeji aliniambia. "Nataka kuivaa siku hiyo, ing'ae. Harusi ikiisha navuka, nikawatafute ndugu zetu."

"Utawapataje?"

"Hapo ndipo pagumu. Babu tunamjua kwa jina la utani alilopewa jeshini. Jina lake hasa, hakuna aliyebaki anayelijua. Nitafika kule niulize nyumba ya nani?" Akayatazama makopo yangu, akacheka. "Lakini wewe, shemeji! Mwanamume mzima unalinda hela zisizonunua hata muhogo wa kuchoma."

"Na wewe umeniletea yako niilinde," nikamjibu.

Kishikio cha medali kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo niliipeleka kwa sonara aizungushie pete ya fedha. Alipoishika, alipitisha ukucha ukingoni.

"Mzee, huku pembeni kuna michoro. Niiache?"

Sikunyoosha hata mkono niitazame. Sarafu zote nilizowahi kushika, ukingo wake una meno au hauna kitu. Medali sikuwahi kumiliki hata moja, ila sikutaka sonara alijue hilo.

"Hiyo ni mikwaruzo ya jikoni," nikasema. "Piga tupa, pete ikae vizuri."

Akachukua tupa, akausugua ukingo wote. Unga wa fedha ukadondoka juu ya gazeti.

Harusini shemeji alitembea kifua mbele. Medali ilikuwa na kichwa cha mfalme upande mmoja, na upande wa pili mtu uchi juu ya farasi. Wazee wakamvamia kwa utani: "Kumbe babu yenu alipigania watu wasio na hata shuka!" Alicheka hadi akafuta machozi. Mimi nilikaa pembeni nikijiona fundi.

Miezi michache baadaye, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Ufukoni alikuja na medali kama ile, ya ukoo wake. Akaisimamisha kwa ukingo mbele ya dirisha.

"Soma hapa."

Nikavaa miwani. Palikuwa na namba ya askari, kikosi chake, jina lake na jina la baba yake, kwa herufi ndogo zilizogongwa kwenye fedha.

"Zote huwa hivi?" nikauliza.

"Zote nilizoziona mimi."

Kesho yake nilikwenda Kilambo. Nilimkuta shemeji akianika korosho. Nilimweleza yote, pamoja na lile swali la sonara. Ningeweza kulificha, sikulificha. Akaleta medali, akaizungusha polepole kati ya vidole, akiupapasa ukingo.

"Umesoma hela za masultani na wafalme," alisema. "Babu yetu mmoja tu ndiye aliyekushinda."

Hakuwa anatania.

Hakuvuka mto, na barazani kwangu hakukanyaga tena. Tulimzika mwaka jana. Ile "piga tupa" niliyoitamka bila kutazama iliwanyang'anya watu wa mke wangu jina la babu yao, na ndugu zao wa ng'ambo pamoja nalo. Mimi ilinigharimu shemeji yangu.